Aliyeruka Juu ya Treni

Mimi pointi za bure sijawahi kutoa. Waulize wote niliowafundisha fizikia Kolwezi, watakwambia, na wengine watakwambia huku wamekunja uso. Miaka ile mishahara ilipokatika, wenzangu walianza kuuza pointi kwa unga, kwa mafuta, hata kwa kuku. Sikuwacheka, njaa haina adabu. Lakini mimi nilizaliwa na kichwa kigumu, na nilijiambia hivi: kampuni ya shaba imekufa, madirisha ya shule yameibwa, madawati yamekuwa kuni za kupikia bukari, basi angalau daftari langu la pointi lisidanganye. Kichwa hicho hicho ndicho kilichotaka kumharibia maisha mtoto wa watu.

Tulikaa Kapata, kwenye nyumba za kampuni zilizopangwa mistari, zote na mlango mmoja, madirisha mawili, bomba moja la maji kwa nyumba nne. Baba yangu alikuwa karani. Alitoka kaskazini mwa Katanga, akashuka kwenye treni hapa Kolwezi na sanduku moja la bati. Baba wa jirani yetu wa mkono wa kushoto alikuwa mchimbaji. Alitoka Kasai, mkoa mwingine, naye akashuka kwenye treni na sanduku lake moja la bati. Nayasema haya mapema ili asitokee mtu kuniuliza huko mbele kwa nini nilikasirika.

Kampuni ilipokuwa na nguvu, Kapata tulikuwa na sine yetu ya kuonyesha filme. Kila Jumamosi ukuta mweupe, mashine inanguruma nyuma, na sisi kwenye mabenchi na karanga zetu. Watu wa farasi, treni, bastola, kofia kubwa kubwa. Kisha bei ya shaba ikaanguka, mashine ya filme ikachukuliwa na hakuna aliyetuambia imepelekwa wapi, na ile sine ikawa zizi la mbuzi. Lakini filme zenyewe hazikufa, maana walibaki waelezaji.

Kwetu kueleza filme ni kazi ya mtu anayejua. Watu wanakaa kwenye barza, mwelezaji anasimama. Farasi anampiga kwa ulimi, bastola anaipiga kwa viganja, mwanamke analia na yeye analia. Na kuna sheria moja ambayo hata walevi waliiheshimu: mwelezaji hakatwi. Ukisema "hapana, haikuwa hivyo", unainuka, unaenda kwenu. Kama unajua zaidi, ngoja amalize, kisha simama ueleze ya kwako.

Mwelezaji mkubwa wa Kapata nzima alikuwa msichana wa ile nyumba ya kushoto, mjukuu wa yule mchimbaji. Baba yake alikuwa amekwisha kufa, mama yake aliuza makaa. Yeye alikuwa mwanafunzi wangu wa mwaka wa sita, mwaka wa mtihani wa serikali. Mwembamba, sauti nzito kama ya mwanaume, na ubishi! Mungu wangu, ubishi ule.

Mwaka huo nilifika kwenye somo la mwendo, sehemu ile wanapofunza kwamba mwendo wa kitu unategemea nani anakitazama. Kitabuni liliitwa kwa Kifaransa kirefu. Mimi niliandika ubaoni: "Nani anatembea mbele ya macho ya nani?" Kisha nikageuka kutafuta kifaa cha kuonyeshea. Kwenye kabati la laboratwari palikuwa na mizani isiyo na sahani na panya aliyekauka. Nikatazama kabati, nikatazama banafunzi wangu arobaini. Nikamwita yule msichana mbele.

"Wewe leo ndiwe mashine yangu ya filme," nikamwambia. "Tupe ile ya mtu wa farasi na treni."

Akafunga macho kidogo, akaanza. Farasi akatoka mbali kwa ulimi wake, tak-tak-tak, akaikaribia treni, akaifikia, akaenda nayo sambamba. Abiria akatoa mkono dirishani na mfuko wa ngozi.

"Simama hapo hapo!" nikapiga kelele. "Nyote. Yule wa dirishani anamwona mtu wa farasi anaenda wapi?"

Wakaanza kunong'onezana. Kisha mmoja kule nyuma akasema kwa woga kwamba haendi popote, yuko pale pale, ndiyo maana mfuko unaweza kupita.

"Njo vile!" nikasema, na nilifurahi mpaka nikavunja chaki. Kwa mtu aliyesimama chini, wote wawili wanakimbia. Wenyewe kwa wenyewe, wamesimama wanatazamana.

Siku iliyofuata tukafanya ile ya dereva anayegeuza usukani huku miti inakimbia kwenye kioo cha nyuma. Nikawaambia kwamba ile gari haikutembea hata hatua moja, ni picha ya miti ndiyo iliyopitishwa nyuma yake. Darasa likawaka. "Kumbe balitudanganya!" Walikasirika kama watu walioibiwa, na somo likaingia vizuri.

Siku ya tatu ndipo nilipoharibu. Nilitaka mapigano ya juu ya treni. Msichana akaeleza: mwema amesimama juu ya paa, treni inakwenda mbio, mbaya anamjia kutoka nyuma na kisu. Mwema anaruka juu, wima. Treni inapita chini yake pamoja na mbaya wake, na mwema anatua nyuma ya mgongo wa mbaya, anamsukuma, kwisha habari yake. Darasa likapiga madawati, wengine wakasimama.

Mimi filme hiyo niliiona, kwenye sine ile ile, benchi la pili. Yule mtu hakuruka hata kidogo.

"Hapana," nikasema. "Haikuwa hivyo."

Waliosimama wakaketi. Nilikuwa nimemkata mwelezaji, mbele ya watu wake. Alinitazama kama vile nimemtukania marehemu baba yake.

"Madame," akasema polepole, "mwenye kuelezea filme, habamukate."

"Hapa si barza ya mama yako. Hapa ni fizikia."

Neno hilo nalijutia mpaka leo. Lakini lilikwisha kutoka. Nikaeleza kwamba mtu aliye juu ya treni tayari anakwenda pamoja na treni, na akiruka wima anaendelea kwenda nayo akiwa hewani. Atatua pale pale alipotoka.

"Mi nilipandaka treni na mama kwenda kutafuta makala Mutshatsha," akasema. "Juu kabisa. Kitambala yangu iliruka, ikabakia nyuma. Niliiona na macho yangu."

"Ule ni upepo."

"Upepo ao hapana, ilibakia nyuma."

Na darasa zima lilikuwa upande wake, maana nani wa Kapata hakupanda juu ya mabehewa? Wengine kwa makaa ya Mutshatsha, wengine kwa mihogo ya Kasaji. Kila mmoja alikuwa na kofia au kitambala kilichobaki kule njiani. Nikampa kipande cha chaki, nikamwambia atembee kati ya madawati akikirusha juu. Akatembea, akarusha, chaki ikarudi mkononi.

"Hii ni sababu natembea polepole," akasema. "Treni haiko muntu, Madame."

Vichwa arobaini vikakubali, vyote kwa pamoja. Basi hasira zikanipanda. Nikafungua daftari mbele yao, nikaonyesha mstari wake, nikauacha mtupu. "Siku utakayoirekebisha filme hiyo, na kuniambia kwa nini, ndiyo siku nitakuandikia pointi za fizikia."

"Na mi filme yangu sitaigeuza."

Tukaachana hivyo.

Halafu yakaja yale mambo. Kwanza maneno kwenye mikutano, kisha kwenye bomba la maji, kisha watoto wadogo wakayaimba bila kuyaelewa: wa Kasai warudi kwao. Msichana yule alizaliwa kwenye hospitali ya kampuni, kitanda ambacho nami nilizalia juu yake mtoto wangu wa kwanza. Kasai aliijua kwa jina tu. Mchana mmoja kundi la vijana likaja kwenye mstari wetu, likasimama kwenye nyumba ya kushoto. Nilitoka. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakatika. Mmoja wao nilimfundisha mwenyewe, akanisukuma kwa mkono ule ule aliokuwa akiniandikia mazoezi. Kabla jua halijashuka mama na binti walikuwa barabarani na godoro, sufuria na mfuko wa nguo, wakielekea gare, kituo cha treni, pamoja na wengine.

Pale gare watu walikaa wiki na wiki. Maturubai, majiko ya mawe matatu, watoto wanaoharisha, na treni haijulikani itakuja lini. Ilikuwa ikija, inabeba wanaoweza kuingia, wengine wanabaki kungoja. Kila siku walizikwa watu. Siwezi kulieleza hilo kwa maneno mazuri na wala sitajaribu.

Tata prefe, mkuu wa shule yetu, alikuwa mtu mwoga, lakini siku zile alifanya kitu cha watu jasiri. Alizijaza buletini, zile karatasi za pointi, za banafunzi wote waliokuwa gare, akazipiga muhuri moja moja, ili shule za Kasai ziwapokee na waandikishwe kwenye mtihani wa serikali. Buletini yenye somo moja tupu ingekataliwa, na mwaka ungepotea. Kwa mtoto aliyefukuzwa, mwaka ukipotea, masomo yenyewe ndiyo yamekwisha. Aliniita ofisini akanionyesha ya yule msichana. Mistari yote imejaa isipokuwa mmoja.

"Andika hamsini, Madame. Mtoto anaenda. Nani atajua?"

"Mimi nitajua," nikasema.

Akanitazama kama mtu anayetazama kichaa mwenye nguo safi. Nikaichukua buletini, nikaitia kwenye mfuko wangu pamoja na chaki, nikaenda gare kwa miguu. Njiani mtu akanisimamisha kuniuliza kama ninawapelekea wadudu masomo. Hilo ndilo jina walilowapa siku zile, wadudu. Nikamjibu jibu ambalo mwalimu wa fizikia hapaswi kulijua, nikaendelea na safari yangu.

Nilienda kila alasiri. Ubao wangu ulikuwa ubavu wa behewa bovu lililoachwa kwenye reli ya pembeni. Banafunzi wangu wa gare walikuwa kumi na mmoja, wengine waliketi juu ya mizigo yao ili isiibwe. Nilifundisha joto, nilifundisha umeme, nilirudia mwendo mara tatu. Yeye alikaa mwisho, amekunja mikono, anaandika kila kitu wala hasemi kitu. Alikuwa amekonda mpaka kola ya gauni ilimwacha shingo.

Siku moja mama yake akanivuta pembeni. "Madame, umupeko tu ile pointi. Mi naona weye na yeye munafanana. Bote babili bichwa mabwe."

Nilicheka, kisha nikaona aibu. Mama yule alikuwa anachemsha majani ya matembele bila chumvi, na mimi nimebana pointi za mtoto wake kama mali ya baba yangu. Nikatoa kalamu. Nakiri hapa, nilitoa kalamu, nikafungua buletini juu ya goti, nikawa tayari kuandika hamsini za bure kwa mara ya kwanza maishani. Kumbe binti alikuwa nyuma yetu.

"Aa non, Madame. Usiandike."

"Nyamaza wewe," mama yake akasema.

"Mama, pointi ya huruma mi sitaki. Banasema kila kitu yetu ya hapa tuliiba. Nyumba tuliiba, kazi ya babu tuliiba. Na pointi nayo baseme tuliiba?"

Mama yake akarudi kwenye sufuria. Nikairudisha kalamu mfukoni. Nilimpenda mtoto yule siku hiyo kuliko nilivyopata kumpenda mwanafunzi yeyote, na nilitamani kumzaba kofi.

"Sawa," nikasema. "Treni itaamua. Ikija, nitapanda pamoja nanyi mpaka kituo cha kwanza, nitarudi kwa miguu. Utakaa ndani, si juu, kusiwe na upepo. Ikishika mwendo utarusha chaki hii. Ikibaki nyuma, mimi ndiye mwongo, nitakuandikia mia. Ikirudi mkononi, utairekebisha filme yako na kuniambia kwa nini."

Akaichukua chaki, akaifunga kwenye pindo la kitambala. "Tutaona," akasema.

Treni ilikuja asubuhi, nikiwa darasani Kapata. Nilisikia honi, nikanyakua mfuko wangu, nikawaacha watoto na hesabu ubaoni. Barabarani nikamsimamisha mwendesha baiskeli aliyebeba magunia ya makaa, nikapanda juu ya magunia bila kungoja anikubalie. Masikini ya Mungu, alinikanyagia mpaka gare huku akinitukana.

Mpango wangu wa kupanda nao ulikufa nilipotia macho. Hapakuwa na pa kuweka mguu. Watu waliingia madirishani, walivuta wazee kwa mikono, walikaa juu ya mapaa. Nikapita behewa baada ya behewa nikimwita, mpaka nikamwona kwenye mlango mpana wa behewa la mizigo, amesimama, mama yake ameketi nyuma yake juu ya godoro. Alinyoosha mkono kunipa nafasi, na nafasi yenyewe haikuwepo. Ndipo treni ikatikisika na kuanza kwenda.

Niliogopa. Buletini ilikuwa mkononi mwangu na mstari wangu mtupu. Nilijichukia palepale, nikaona kichwa changu kigumu kimemwua mtoto wa watu.

"Rusha!" nikapiga kelele. "Rusha sasa!"

Akafungua pindo la kitambala. Nilikuwa natembea kando ya mlango wake. Akarusha chaki wima mbele ya kifua chake, ikapanda, ikashuka, ikaingia kiganjani. Akakitazama kiganja chake. Treni ikaongeza mwendo, nami nikaanza kukimbia kidogo kidogo. Akarusha tena, juu zaidi, karibu na dari. Ikarudi.

"Imerudi, Madame!"

"Kwa nini?"

"Sababu iko naenda na miye! Siye bote tunaenda pamoja!"

"Na yule wa filme, aliruka?"

Hapo akacheka, mara ya kwanza tangu waingie gare. "Hakuruka! Alilala chini, mubaya akajikwaa juu yake! Nilijua tangu siku ile, Madame! Lakini kuruka njo kulikuwa muzuri zaidi!"

Shetani mdogo yule. Miezi yote hiyo! Nikakunja kikwembe mpaka magotini, nikaiweka buletini juu ya mkono wa kushoto, nikakimbia huku naandika. Kalamu ikagoma. Nikaitikisa, nikaitemea mate, ikaandika. Themanini zilikuwa haki yake. Nikaandika sabini, kumi nikamkata kwa kunibishia.

Mlango ulikuwa umeshanipita. Ndala moja ikabaki kwenye changarawe, nikaiacha. Sikuwa nimekimbia tangu nilipokuwa msichana, na watu wa juu ya paa walianza kunishangilia, "Madame! Madame!", kama vile sine ya Kapata imefunguliwa tena. Nikaufikia mlango. Msichana akapiga magoti, mama yake amemshika gauni kwa nyuma, akatoa mkono.

Kwa muda wa pumzi mbili hivi nilikwenda sawasawa na treni. Uso wake ulikuwa mbele yangu, hauendi mbele, haurudi nyuma. Niliona alama ya tetekuwanga juu ya nyusi yake ambayo kwa miaka yote ya ujirani sikuwahi kuiona. Kwake nilikuwa nimesimama, kwangu alikuwa amesimama, na kilichokimbia nyuma yetu kilikuwa Kolwezi. Buletini ikapita kutoka mkono wangu kwenda wake.

Akaitazama. "Sabini tu, Madame?"

Pumzi zilikwisha. Miguu ikakataa, nikasimama katikati ya changarawe na mguu mmoja peku, na treni ikaanza kunipita, behewa baada ya behewa. Alitoa kichwa nje ya mlango, anazidi kuwa mdogo, ameinua buletini juu. Machozi yalikuwa yanamtiririka lakini ile sauti yake nzito ya mwelezaji ilinifikia vizuri.

"Madame! Unaenda wapi? Mbona unatuacha?"

Lilikuwa jibu sahihi kabisa la swali langu la ubaoni. Nikakaa chini juu ya reli, nikalia mbele za watu bila haya, na kama ile karatasi ingekuwa bado mkononi mwangu, ningemrudishia kumi zake.